Wageni wangu wa Uholanzi, siku 4: naomba ushauri wa Tarangire na Ngorongoro

Binti_Kibosho (Moshi)

Habari zenu wadau. Mwezi wa nane napokea marafiki wawili, mke na mume, kutoka Uholanzi. Nilipokwenda kusoma kule, hawa ndio walionipokea. Nilifika Januari na sweta moja. Yule mama akanipeleka kununua koti na viatu vya baridi kabla hata sijafungua begi. Miaka miwili, kila Jumapili sahani yangu ilikuwepo mezani kwao. Sasa zamu ni yangu.

Tuna siku 4. Nina RAV4, matairi mapya, na ndugu zangu wanasema inatosha kila mahali. Wageni nao wamesoma habari za nyumbu kuvuka Mto Mara na wanatamani sana kuwaona. Inawezekana kutoka Moshi?

La tatu ndilo linaloniuma. Mwaka juzi nilimpeleka mgeni mwingine kwenye loji moja upande wa Karatu. Vyumba nililipia mimi. Jioni mhudumu akamkaribisha mgeni mezani, mimi akanionyesha mlango wa nyuma: "Chumba cha madereva kiko kule." Udereva ni kazi ya heshima, baba yangu ameendesha lori maisha yake yote. Lakini siku ile mimi nilikuwa mwenyeji. Chakula hakikupita kooni. Nifanyeje ili safari hii tukae meza moja na hawa watu, kama nilivyokaa kwao?

Dereva_Njiro (Arusha)

Pole sana dada. Naendesha wageni mwaka wa 14 huu, na jambo hilo nimeliona zaidi ya mara moja.

Nyumbu kwanza. Mwezi wa nane, wanaovuka Mara wako kaskazini kabisa mwa Serengeti, upande wa Kogatende. Hifadhi ile ina kilomita za mraba 14,763. Kwa gari kutoka Moshi, siku zenu 4 zitaishia barabarani. Waambie mapema, kabla hawajapanda ndege.

Wapeleke Tarangire. Kiangazi kinakuwa kimekausha madimbwi, tembo wanateremkia mtoni makundi kwa makundi, mama na watoto. Mahali ambapo maji yamezama, wanachimba mchanga kwa mguu na mkonga mpaka yatoke, halafu wadogo wanasubiri zamu yao. Tafuteni kivuli, zimeni gari, kaeni saa nzima au mbili hapohapo. Naumia nikiona wenzangu wanakimbiza gari kutoka simba hadi simba, mgeni anarudi na vumbi na picha za migongo.

Gari: Tarangire wakati wa kiangazi, RAV4 itapita njia kuu. Kreta ya Ngorongoro, lile bonde kubwa la volkano, usijaribu. Ni kina cha mita 600 hivi, njia ya kushukia Seneto ni mteremko mkali, na kupanda kwa Lerai ni kona juu ya kona. Kodi Land Cruiser yenye paa la kuinuka, pamoja na dereva wake. Ukishika usukani macho yako ni ya barabara. Wenzako wanaona chui, wewe unatafuta pa kuweka tairi. Simama nao chini ya paa. Dereva mwambie tangu Moshi kwamba mwenyeji ni wewe, naye atalisema mapokezi kabla hujashuka.

Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi waziache nyumbani siku ya Tarangire. Mbung'o wanazifuata.

Mama_Karatu

Mdogo wangu, nimekaa mapokezi ya loji miaka 6, na kilichokupata ni kosa letu sisi tunaopokea. Piga simu mwenyewe, vyumba viandikwe kwa jina lako, na meza ya chakula cha jioni iandikwe kwa jina lako. Mhudumu anafuata jina lililoandikwa.

Beba kitambulisho cha taifa, usije ukatozwa kiwango cha wageni pale Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro, wakati wewe ni Mtanzania. Langoni mlipe kwa kadi, msitegemee noti. Ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200, asubuhi ni ukungu mtupu, kwa hiyo safari hii makoti utawatafutia wewe. Mkifika Ngoitokitok, pa kupumzikia ndani ya kreta, kula, kaeni ndani ya gari. Mwewe wa pale anashuka kama jiwe na kukupokonya paja la kuku mkononi, na kucha zake zinachana. Waambie pia wasije na mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mwl_Pasua (Moshi)

RAV4 nayo ina siku yake. Siku ya kwanza waendeshe mwenyewe hadi Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ukitokea Moshi unakata kulia kabla ya Usa River. Maziwa ya Momella, mbega wenye mikia mirefu myeupe kwenye msitu wa Ngurdoto, na twiga. Wawaone hapo vizuri, maana chini ya kreta ya Ngorongoro twiga hawapo. Mnaweza hata kutembea kwa miguu mkiwa na askari wa hifadhi. Gari lako, njia unaijua, kapu la chakula umefunga wewe.

Binti_Kibosho (Moshi)

Asanteni mno. Jana usiku nimeongea nao. Nyumbu wamewaachilia, mume ameuliza kama mlio wa tembo akichimba mchanga unasikika hadi garini. Dereva, hilo nakuachia wewe.

Siku ya 1 Momella na RAV4, jioni Kibosho kwa mama. Mume hali nyama, kwa hiyo mama amesema atapika kiburu cha ndizi na maharage, na maharage ameshaanza kuchagua. Siku ya 2 Tarangire. Ya 3 tunapita Mto wa Mbu taratibu, ndizi nyekundu lazima, tunalala Karatu. Ya 4 kreta alfajiri, kisha nyumbani.

Loji nimepiga simu leo asubuhi. Vyumba viko kwa jina langu. Meza nimeomba ya watu 4, dereva akiwa mmoja wetu.

Dereva_Njiro, tarehe 11 hadi 13 una nafasi?