Dalali umeita nyumba ya marehemu baba yangu BANDA, na juisi yangu ukanywa glasi mbili!

Binti wa Sinza (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka kufunga geti sasa hivi. Mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa vumilieni.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa kofia ya pama, simu tatu, kiunoni ananing'iniza funguo za nusu ya Dar kama askari magereza. Kama umewahi kutafuta hata chumba cha uani kuanzia Ubungo mpaka Mwenge, elfu kumi yako ya "kuzungushwa" ameshaila.

Wiki tatu tumeandaa hii nyumba. WIKI TATU. Sakafu ni ile nyekundu ya kizamani, nimeisugua na kumbi la nazi mpaka paka anapita kwa kuteleza. Fundi kabandua lipu iliyooza, kapaka rangi ndoo nne. Ukuta wa mbele ndio umetutoa roho. Baba alipofariki, baba mdogo alitaka kuiuza kimyakimya, mama akachukua brashi akaandika NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI, rangi nyekundu ya mafuta, herufi za kusomeka ukiwa kwenye ndege. Leo mirathi imeisha, msimamizi ni mama mwenyewe, hati iko sandukuni, tumekubaliana tunauza, ukuta ndio haujakubali. Mkono wa kwanza wa rangi: HAIUZWI. Wa pili: HAIUZWI. Wa tatu limebaki kwa mbali, kama mtu ananong'ona. Nikapanga maua mbele yake kwenye zile ndoo za rangi.

Halafu banda la kuku. Huyu huyu dalali ndiye aliyesema livunjwe, eti mteja mwenye hela hapendi harufu ya kuku. Mama akauza kuku saba, Jumatano tukalivunja.

Leo saa nne wateja wakaja, mume na mke. Nimefukiza udi, mama kavaa kitenge kipya kakaa sebuleni kama anasubiri posa. Natoka jikoni na sinia la juisi ya ukwaju, nafika kwenye kona, namsikia dalali WANGU, niliyemwahidi asilimia zake, anagonga ukuta wa babangu ko ko ko kama anachagua tikiti Buguruni:

"Bosi, hapa wewe unanunua kiwanja. Hili banda asubuhi moja tu greda linapita nalo."

BANDA.

Sinia mkononi. Dirisha la sebuleni ni la wavu, halizuii hata mbu, litazuia neno? Wageni walipoondoka mama akaniita, ananiuliza taratibu kabisa: "Mwanangu, hilo banda analosema si tulishalivunja Jumatano?"

Sikuwa na jibu. Nilisema "ndiyo mama".

Vyumba vinne, sebule, baraza, mwembe. Kokoto za msingi mama alizibeba kichwani mimi nikiwa mgongoni. Banda. Ko ko ko. Huo udalali alisomea wapi, machinjioni?

Mchokonozi

Pole sana. Tuweke ushahidi sawa: hizo glasi mbili alikunywa kabla ya tusi au baada?

Binti wa Sinza

BAADA! Ya pili kajimiminia mwenyewe. Akasema sukari imezidi.

Baba Kipara

Dada, utanichukia, ila kasema kweli. Sinza siku hizi nani ananunua nyumba? Hivyo viwanja vilipimwa kwenye ule mradi wa miaka ya 70, wazee wakajenga vyumba vinne na baraza. Sasa mtu anataka pa kusimamisha ghorofa, chini fremu, juu apatimenti. Hata mngejenga kwa dhahabu wangevunja, wauze dhahabu, waweke saluni.

Binti wa Sinza

Kweli ipi ya kusemwa mbele ya dirisha la mama? Angemnong'oneza garini. Na kama linavunjwa, zile ndoo nne za rangi alinishauri ninunue za nini?

Pweza wa Nchi Kavu

Mimi nimekwama kwenye udi 😂😂 Hebu jiweke kwenye viatu vya mteja. Unaingia nyumba ya marehemu, moshi wa udi unafuka, bibi kakaa sebuleni kimya kapambwa, unageuka ukutani maandishi yanajitokeza yenyewe kwa mbali HAIUZWI. Mimi ningekimbia nikamwacha na mke.

Mchokonozi

Kumbe dalali alikuwa anaokoa biashara. Greda linapita na majini yote.

Kimya Kingi

Kiwanja ukubwa gani? Ni hati au bado ni barua ya ofa? Niko siriasi. Nyumba yenyewe sina haja nayo.

Binti wa Sinza

Na wewe ko ko ko! Toka kwenye uzi wangu.

(Mita 12 kwa 24, hati ipo. Ukija usiguse ukuta.)

Mpangaji Sugu

Nyie mna nyumba ya kutukaniwa, shukuruni. Mimi huyo huyo wa pama kanionyesha chumba kimoja mara tatu. Mara ya kwanza tumeingilia mlango wa mbele, ya pili uani, ya tatu wamebadilisha pazia. Kila mara elfu kumi. Nimekuja kushtuka kwa sababu ya kalenda ukutani, mwezi ule ule, tarehe ile ile imezungushiwa kalamu nyekundu. Mpaka leo najiuliza siku hiyo kulikuwa na nini.

Mzee wa Boko

Madalali mnawaonea. Subirini mkauziane pale ofisi ya mtaa. Kila waziri wa ardhi akipita anasema hiyo asilimia 10 ambayo mtaa unakata kwenye mauzo haimo kwenye sheria. Mwenyekiti wangu anamsikiliza redioni, anatikisa kichwa kukubali, halafu anafungua droo anatoa muhuri: "Tuanze na asilimia 10."

Baba Kipara

TRA asilimia 10 ya faida, mtaa asilimia 10, wa pama naye 10 yake. Dada atabaki na sinia.

Mchokonozi

Swali la msingi: kuku saba wameuzwa. Jogoo yuko wapi?

Binti wa Sinza

Yuko kwa jirani, alfajiri anarudi anawika palepale penye banda. Jamani, uzi ni wa DALALI. Mwenzenu nimetukanwa.

Mama Zawadi

Samahani mdogo wangu, hilo kumbi unasugua kavu au unaweka kitu? Sakafu yangu nyekundu imefubaa, imekuwa kama maini ya mbuzi.

Pweza wa Nchi Kavu

Mama Zawadi, yeyusha mshumaa, epua, peleka mbali na moto kabisa, ndipo uchanganye na mafuta ya taa kidogo. Paka, acha ikauke, sugua.

Mzee wa Boko

Usithubutu. Hiyo nta ilimwangusha mama mkwe wangu sebuleni, mpaka leo anaamini nilipanga.

Mpangaji Sugu

Na hukupanga?

Mzee wa Boko

Tusitoke nje ya mada.

Binti wa Sinza

Nta haifai, inakamata vumbi, baada ya wiki una matope. Nunua rangi ya sakafu ya kopo, paka kiasi kidogo mno, usiku, watu wakishalala. Asubuhi ndio kumbi. Liwe la nazi iliyokomaa, kavu, likatwe ubapa, usimame juu yake kwa mguu mmoja kama unacheza. Ukitumia mkono umeumia bure. Anza pembeni mwa chumba, malizia mlangoni.

Mama Zawadi

Ubarikiwe, najaribu kesho. Na ukuta wenye maandishi nipake nini kabla ya rangi? Wa kwangu kaandika shemeji.