Tupeane uzoefu: umewahi kufungiwa malipo kwa sababu ya maudhui ya watu wazima au ya wapenzi wa jinsia moja?

Wino wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuwaza muda mrefu na nimeona leo niushushe.

Mimi ni mwandishi wa hadithi. Kitabu kilichoniponza kinahusu wanawake wawili waliopendana uzeeni, mmoja wao mjane. Kina kurasa mbili ambazo mimi mwenyewe ningesema ni za watu wazima. Zilizobaki ni maisha tu: kuuguzana, kubishana dirisha lifungwe au liachwe wazi, watoto wasiotaka kuja kumsalimia mama yao. Nilikiuza mwenyewe mtandaoni miaka miwili bila shida. Asubuhi moja nikakuta imeili ya mistari minne: akaunti yangu ya kupokea malipo imefungwa, biashara yangu imo katika kundi wasilolihudumia, uamuzi ni wa mwisho, na salio litashikiliwa siku 180. Nikaandika kuuliza ni ukurasa upi wenye kosa. Nikarudishiwa imeili ileile, neno kwa neno.

Pesa iliniuma, lakini hadi leo ninachokitafuta ni aliyeamua. Duka la vitabu lilisema halihusiki. Kampuni ya malipo ilisema inafuata masharti ya washirika wake. Washirika hao hawakutajwa.

Nilipoanza kuchimba ndipo nilipoelewa kwamba msomaji akilipa kwa kadi, pesa yake inapita mikono mingi kabla ya kunifikia. Kuna benki iliyompa kadi, kuna mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, kuna benki inayopokea kwa niaba ya muuzaji, kuna kampuni ya kupitisha malipo kama Stripe au PayPal, halafu ndipo duka lenyewe. Kila mmoja ana masharti yake, na kila mmoja anamwogopa aliye juu yake. Wa juu akikunja uso, wa chini anafunga mlango. Hakuna sheria ya nchi iliyovunjwa wala korti iliyosikiliza kesi.

Na si jambo la jana. Mwaka 2012 PayPal iliwataka wauzaji wa vitabu pepe, Smashwords wakiwa mmojawapo, waondoe aina fulani za hadithi za ngono, hadithi za kubuni kabisa. Waandishi walipiga kelele, na mwezi Machi mwaka huohuo PayPal ikalegeza. Agosti 2021 OnlyFans, tovuti ambako watu huuza picha na video zao kwa wanaojisajili, ilitangaza kwamba itapiga marufuku maudhui ya ngono kuanzia Oktoba, na mwanzilishi wake, Tim Stokely, akasema wazi kwamba ni benki zilizowabana. Siku sita baada ya tangazo wakaghairi. Fikiria watu waliokesha siku hizo sita wakipiga hesabu ya kodi ya nyumba.

Kama umepitia haya, tiririka hapa. Usitaje jina la mtu binafsi, na ukieleza mkasa wako acha jina la kampuni pembeni, tuangalie mkasa wenyewe.

Penseli Mbili

Pole sana mkuu. Yangu yalianzia kwenye sehemu ndogo ambayo wengi hawaiangalii: ile nafasi ya mteja kuandika maelezo anapotuma pesa.

Nachora kwa oda. Mteja mmoja aliagiza picha ya wanaume wawili wanasoma gazeti kitandani, wamevaa nguo zao za kulalia, zawadi kwa mwenza wake wakitimiza miaka kumi pamoja. Akalipa, na kwenye maelezo akaandika kwa furaha kabisa ni picha ya nini. Siku ya pili akaunti yangu ikasimamishwa ichunguzwe. Nikaombwa kitambulisho, nikatoa. Nikaombwa mifano ya kazi zangu, nikatuma ishirini. Wiki tano nikawa siwezi kupokea wala kutoa, na oda tatu zikafa mikononi mwangu.

Ikafunguliwa bila neno la maelezo. Tangu hapo kila mteja namwambia kabla hajalipa: tafadhali, usiandike chochote. Yule wa kwanza nilimweleza kilichotokea, akaniomba msamaha. Hilo ndilo lililonitoa machozi, kwamba mtu ameniomba msamaha kwa kumtaja mwenza wake.

Mtengeza Michezo

Mchezo wangu wa kompyuta unahusu kijana aliyezaliwa akaitwa binti, naye anajijua kuwa mwanamume, anatafuta namna ya kumwambia mama yake. Mchezo mzima uko jikoni. Unachagua maneno, mama anajibu, chai inapoa. Hakuna mwili wa mtu unaoonekana, hakuna hata busu.

Nilipoupakia kwenye duka niliweka lebo ya LGBT, yaani wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, ili wanaoutafuta waupate. Baada ya miezi kadhaa waliokuwa wakiupakua wakakauka ghafla. Nilidhani watu wameuchoka. Ni mchezaji aliyeniandikia kwamba ukitafuta jina lake halitokei, mpaka uwe na anwani yenyewe. Kuuliza, naambiwa duka limekaza vichujio kwa sababu ya "matakwa ya upande wa malipo". Na mchezo wangu ni wa bure! Hakuna senti inayopita kwenye kadi ya mtu yeyote.

Waliofuatilia mambo ya Julai 2025 wanajua hali hii ilivyokuwa kubwa. Kundi la kampeni la Australia, Collective Shout, liliziandikia kampuni za malipo barua ya wazi kuhusu michezo yenye ubakaji na ngono za ndugu. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, ikaongeza sharti kwamba kazi zisivunje masharti ya kampuni za malipo, mitandao ya kadi na benki, ikaondoa michezo mingi. Itch.io, duka la watunzi wadogo, ikaficha kwenye utafutaji wake kazi zote zenye alama ya watu wazima, za kutisha na za upole kwa pamoja, na miongoni mwa walioumia ni watunzi wanaoandika maisha ya watu kama sisi. Tarehe 1 Agosti Mastercard ikasema haijatathmini mchezo wowote wala kudai ufungiwe. Valve, wenye Steam, wakajibu kwamba waliokuwa wakiwapitishia malipo waliwatajia sharti la Mastercard namba 5.12.7, lile linalohusu miamala inayoweza kuchafua jina la kampuni.

Mleta uzi unauliza nani kaamua. Hapo ilikuwa hadharani, dunia nzima inatazama, na bado kila mmoja alimwelekezea mwenzake kidole.

Jicho la Tatu

Mimi ni msomaji tu. Nilinunua katuni kumi na nne za mtunzi mmoja nimpendaye. Nilipotaka kununua ya kumi na tano ukurasa ulikuwa mtupu. Sijawahi kumpata tena mtunzi yule. Sina zaidi ya hilo.

Bahari Tulivu

Naomba nisikilizwe, maana mimi nimesimama upande mwingine wa jambo hili.

Nikiwa na miaka 22 mtu niliyemwamini alipandisha video yangu mtandaoni bila mimi kujua. Niliandikia tovuti ile mara tisa. Walikuwa wakiitoa, inarudi kwa jina jingine. Polisi waliniuliza kwa nini nilikubali kurekodiwa. Kilichobadilisha mambo ni pale tovuti za namna ile zilipoanza kuogopa kukosa kadi. Mnakumbuka Desemba 2020, baada ya makala ya mwandishi Nicholas Kristof kwenye gazeti la New York Times kuhusu video za unyanyasaji, Visa na Mastercard zilizuia kadi zao zisitumike Pornhub, tovuti ya video za ngono, na ndani ya siku chache mamilioni ya video za wasiothibitishwa yakaondolewa. Na kuanzia Oktoba 2021 Mastercard inazitaka benki zihakikishe kuwa tovuti za watu wazima zinathibitisha umri na utambulisho wa anayepandisha na wa kila anayeonekana, na kwamba malalamiko yanashughulikiwa ndani ya siku saba za kazi.

Tovuti yangu haikuwa hiyo, lakini nayo ilibadilika katika kipindi hichohicho. Ombi langu la kumi lilijibiwa. Kwa hiyo msiniambie mkono wa kadi ni mbaya tu. Ulinifikia mahali ambapo mkono wa sheria haukunyooshwa.

Wino wa Usiku (mleta uzi)

Dada, pole, na asante kwa kuandika. Nimeisoma mara tatu kabla ya kujibu.

Sitaki kukubishia, kwa sababu uliyoyasema ni kweli na tusipoyabeba uzi huu utakuwa wa uongo. Video yako ilikuwa na mtu halisi ambaye hakuridhia. Wanawake wa kitabu changu niliwabuni mezani kwangu. Ninachoshindwa kukimeza ni mkono mmoja kutugusa sote kwa namna ileile, bila kuuliza.

Taa ya Nyuma

Kwa Bahari Tulivu: ninafanya kazi mbele ya kamera, kwa hiari yangu, mwaka wa tisa sasa. Uthibitisho wa ridhaa naunga mkono kwa mikono miwili, ninasaini karatasi kila siku ya kazi. Lakini masharti yale yalipoingia, tovuti niliyokuwa natumia ilidai hati mpya za kila aliyeonekana kwenye kazi za zamani. Mmoja wa wenzangu alikuwa ameshafariki. Hati zake za awali ninazo, zimesainiwa, ila hazikuwa kwenye fomu waliyoitaka. Kazi zote nilizofanya naye zikafutwa. Ndizo zilizokuwa zikinilisha, na ndizo picha pekee nilizokuwa nazo akicheka.

Mwaka 2023 ACLU, shirika la kutetea haki za raia la Marekani, ilipeleka malalamiko kwa FTC, mamlaka ya serikali ya huko inayolinda wateja na ushindani wa biashara, dhidi ya masharti hayo ya Mastercard, pamoja na watu wa kazi yangu. Nilifurahi kuona kuna aliyetuuliza.

Mlinda Lango wa Zamani

Nimesoma kimya, ila swali la "nani kaamua" limenigusa maana kwa miaka mitatu niliyeamua nilikuwa mimi. Nilikuwa kwenye kitengo cha kuchunguza wauzaji katika kampuni moja ya kupitisha malipo. Nimeshaondoka.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mfumo unapekua kurasa za muuzaji ukitafuta maneno. Ukiyapata, faili linakuja kwangu. Kwa zamu moja nilikuwa na mafaili sabini, themanini. Hakuna anayesoma kitabu. Naangalia jalada, maelezo, labda sampuli ya ukurasa mmoja. Nikimwacha muuzaji kisha mtandao wa kadi ukalalamika, benki yetu inaweza kutozwa faini, na jina langu liko kwenye faili. Nikimfunga mtu asiye na kosa, hakuna anayeniuliza. Kwa hiyo nafunga. Mauzo yake ni madogo, kwetu hayaonekani hata kwenye hesabu ya siku.

Jambo ambalo wengi hamlijui: kuna orodha ya Mastercard inayoitwa MATCH, ambayo benki hupeleka majina ya wauzaji waliofungiwa kwa sababu fulani. Jina likiingia linakaa miaka mitano, na ukienda kwa kampuni nyingine wanaliona. Si kila anayefungiwa anaingizwa. Kama kila unakobisha hodi unakataliwa siku hiyohiyo, uliza kwa maandishi kama umo, maana anayeweza kuomba utolewe ni yule aliyekuingiza.

Na maneno. Orodha yetu ilikuwa na majina ya matendo, sawa. Lakini "msagaji" lilikuwamo kwa lugha kadhaa, peke yake, bila tendo lolote karibu yake. Vilevile "aliyebadili jinsia". "Mume na mke" halikuwamo, hata kitabu kiwe na nini ndani. Nilimuuliza msimamizi wangu kwa nini, akasema maneno hayo huwa yanaambatana na picha za ngono kwenye tovuti nyingine. Nilikubali jibu hilo. Nilikwenda nalo nyumbani kila siku kwa miaka mitatu.

Mtengeza Michezo

Kwa hiyo mchezo wa jikoni ulinaswa na neno?

Mlinda Lango wa Zamani

Sijui mfumo wa duka lako, mkuu. Kwetu ungenaswa.

Penseli Mbili

Kwa wanaouliza cha kufanya, haya ndiyo yaliyonisaidia mimi. Orodha ya imeili za wateja wangu naiweka mwenyewe, nje ya duka lolote. Salio silirundiki, nalitoa kila wiki. Na nina njia ya pili ya kupokea pesa ambayo kila mwezi napitishia oda moja ili isilale. Sarafu za kidijitali nilijaribu, wateja tisa kati ya kumi waliniacha njiani. Si kwamba hawakutaka, hawakujua waanzie wapi.

Bahari Tulivu

Mlinda Lango, hizo zamu za mafaili themanini, video kama yangu ilikuwa ikipata dakika ngapi?

Mlinda Lango wa Zamani

Zilezile, dada. Kama nne.

Wino wa Usiku (mleta uzi)

Nimekaa na hizo dakika nne tangu jana.

Siku yangu ya 180 ilipita mwezi uliopita. Salio lilirudishwa lote, akaunti haikufunguliwa. Nimepata kampuni nyingine inayopokea kazi za watu wazima. Makato yake ni makubwa kuliko ya mwanzo, lakini walinijibu kwa jina la mtu, na mtu huyo aliniambia kitu kimoja: nikiondoa neno "wasagaji" kwenye maelezo ya kitabu, nikaweka "marafiki wawili", ninaweza kurudi hata kwenye kundi la kawaida la makato madogo.

Nilifungua ukurasa wa maelezo nikaangalia sentensi ile kwa muda. Yule mjane, kwenye sura ya saba, ndiye anayelitamka neno hilo mbele ya watoto wake kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 68. Nimelipa makato makubwa. Neno liko palepale.

Uzi uko wazi, anayefuata aendelee.