Kazi ya tumbaku tunafanya sisi, kwenye bodi ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, hatumo. Nianzie wapi?

MamaMapacha_Kaliua:

Habari zenu wadau, naombeni mnisikilize mana hili jambo limenikaa moyoni toka mwezi wa nane. Nipo Kaliua mkoa wa Tabora, mume wangu mkulima wa tumbaku na mimi mwenyewe mkulima. Mnaoijua kazi hii mnajua, unaanza kwenye kitalu kumwagilia asubuhi na jioni, unahamishia shambani, unapalilia, unachuma majani, unayatunga kwenye fito, unakesha na moto wa bani (banda la kukaushia), halafu unakaa chini wiki na wiki unachambua madaraja jani kwa jani mpaka mitumba (marobota ya tumbaku) ifungwe. Zaidi ya nusu ya hiyo kazi ni mimi na wanangu. Siku ya soko ikifika mzigo unasomwa kwa jina la baba watoto na hela inaingia akaunti ya baba watoto.

Sa mwaka huu tulikua na mkutano mkuu wa AMCOS wa kuchagua bodi. Mimi na wamama wengine tulikua nje tunapika chakula cha wajumbe. Dirisha liko wazi nawasikia wanajadili ukomo wa madeni, mara mbolea iliyochelewa, mara makato, na aliekua anasoma mapato na matumizi akakosea kujumlisha nikajua palepale kakosea wapi, mana mimi mwaka wa 9 huu ni mweka hazina wa kikoba chetu tuko wamama 27 na haijawahi kupotea hata shilingi mia. Nikanawa mikono nikaenda kwa katibu nikamwambia naomba fomu nigombee ujumbe wa bodi. Akaniambia mama wewe sio mwanachama, mwanachama ni mume wako. Nikarudi jikoni.

Naomba kuelewa, nchi ina Rais mwanamke toka 2021, bungeni wanawake wapo, kwanini huku chini kwenye hela ya mazao hatumo? Na mimi nianzie wapi, halafu nimwambieje mume wangu asione kama nataka kumpindua mana ni mtu mwema na tunaelewana.

Ushirika_Urambo:

Dada yangu pole na asante kwa kuuliza, nimefanya kazi za ushirika miaka mingi huku Urambo na hilo swali ndo lenyewe. Watu wakiongelea wanawake kwenye uongozi wanaanzia juu kwenye viti, wakati mlango umefungwa kule chini kwenye daftari la wanachama. Asiekuwepo kwenye daftari hapigi kura, asiepiga kura hagombei, basi bodi itabaki ya wanaume hata kama hakuna mtu aliekaa akapanga kuwabagua.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 haisemi mwanachama ni kaya, inamuangalia mtu mmoja mmoja, awe ametimiza miaka 18 na awe na sifa zilizoandikwa kwenye masharti ya chama. Na ndani ya mkutano kila mwanachama ana kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye chache wako sawa. Hiyo kaya ni mazoea yetu tu, mume kajiandikisha zamani na mke akahesabika humohumo kama vile ni jembe la nyumbani, naomba mnisamehe kwa hilo neno ila nimelitafuta lingine sijalipata.

Cha kufanya, andika barua ya kuomba uanachama kwa jina lako, lipa kiingilio na hisa, na hapa usikilize vizuri sana, HAKIKISHA MSIMU UJAO UNA MAKISIO YAKO, yaani kiasi cha tumbaku unachoandikishwa kulima na kuuza kwa jina lako. Nimeona wamama wanalipa kiingilio wanapata namba halafu tumbaku yote inaendelea kusomwa kwa mume, siku ya uchaguzi mtu anasimama anauliza huyu ameuza kilo ngapi kwenye chama, anakosa la kujibu. Ukiwa na makisio pembejeo zinakuja kwa jina lako, mitumba inasomwa kwa jina lako, hela inapita akaunti yako. Na deni pia ni lako dada, hilo usilisahau.

Kuhusu shamba, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume, na hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili. Ongea na mzee mkate hata ekari moja na nusu iwe yako.

Mzee_wa_Sikonge:

Mimi nitasema tofauti na msinichukie. Uongozi ni uwezo, huu mtindo wa kuhesabu wanawake wangapi wanaume wangapi unatuletea watu wa kujazia nafasi. Na wamama wenyewe hawachaguani, nimeshuhudia kwenye mikutano ya kijiji, mwanamke anasimama kugombea na wanaomnyima kura ni wenzake. Tatizo ni lenu wenyewe kwa wenyewe.

Dagaa_Kibirizi:

Shikamoo mzee. Nakujibu kwa heshima mana na mimi nilikua naamini hivyo mpaka yaliponikuta.

Mimi nipo Kigoma mwaloni Kibirizi, nakausha dagaa na kupakia. 2024 kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa niliingia kura za maoni kwenye chama changu nikitaka uenyekiti wa mtaa. Mzee, vikao vya kupanga mambo vilikua saa tatu usiku, mimi nina mtoto ananyonya na saa tisa alfajiri natakiwa niwe ufukweni mitumbwi inarudi, kwahiyo vya maana vyote sikukaa. Akina mama walionipenda wengi hawakua na kadi za chama, na bila kadi hupigi kura ya maoni. Na huwezi kusema basi nisimame peke yangu, mgombea binafsi kwetu haruhusiwi lazima upite kwenye chama. Halafu mtu mmoja mwenye sauti kwenye vikao akaniambia wazi jina langu litapita nikimkubalia. Nilikataa. Nilikua sijui hata kama hiyo ni rushwa, kumbe sheria ya kupambana na rushwa ya 2007 kifungu cha 25 inaitaja kabisa hiyo ya ngono. Nilijua baadae nimeshaanguka.

Sa mtu alieona matokeo tu atasema wanawake hawachaguani. Walionitaka walikua nje ya mlango mzee, kama huyu dada wa Kaliua alivyokua nje anapika.

Na hiki cha uwezo, mwaka uleule ziwa lilifungwa miezi mitatu toka katikati ya mwezi wa tano. Sikatai samaki wazaliane, ila kwenye kikao nilichohudhuria walioulizwa ni wenye mitumbwi na nyavu. Sisi tunaonunua, tunaoanika, tunaopakia kwenye magunia, tulikua tumesimama pembeni. Angekuwepo mama mmoja mle ndani angeuliza mwenye mkopo wa kikundi miezi hiyo mitatu analipa na nini, nami nilikua nalo hilo deni. Hakuna alieuliza.

Mwana_wa_Heru:

Mwakeye ndugu zangu. Niongeze kitu kimoja cha kwetu Kasulu mana watu wanaongea kama mwanamke kuongoza ni jambo limekuja juzi. Heru, himaya ya Waha, ilitawaliwa na Mwami (yaani mtawala) Theresa Ntare enzi za mkoloni, mwanamke, na Waha walimtii. Bibi zetu wanamtaja mpaka leo. Kwahiyo mtu asituambie ni mila zetu zinakataza.

Viti maalum vya wanawake bungeni mimi sivipondi, vilianza 1985 na sasa katiba inataka visipungue asilimia 30 ya wabunge, bila hivyo bunge lingekua la wanaume karibu lote. Ila vina mpaka wake, Waziri Mkuu kwa mfano katiba inataka awe mbunge wa jimbo. Ndo mana naona anaeingia kwa kura zake mwenyewe anasimama tofauti, Margaret Sitta hapo Urambo aligombea jimbo 2015 akashinda, na ni jimbo la wakulima wa tumbaku haohao. Na kwenye makampuni pia inawezekana, NMB inaongozwa na Ruth Zaipuna toka 2020. Sa kama mwanamke anaaminiwa na benki kubwa vile, mweka hazina wa miaka 9 ashindwe kukagua vocha za pembejeo?

Mzee_wa_Sikonge:

Marahaba mwanangu wa Kibirizi. Hilo la kadi na saa za vikao sikulifikiria. Kwenye chama chetu wanachama wanawake ni wachache mno, nimekaa nikawahesabu kichwani hawafiki kumi, na mke wangu hayumo. Bado nasema mtu achaguliwe kwa uwezo, ila kweli kwanza awe na pa kuuonyeshea.

MamaMapacha_Kaliua:

Jamani asanteni, nimesoma zote nikamsomea na baba watoto. Jana tumeongea mpaka usiku. Mwanzo alinyamaza nikaogopa, halafu akaniuliza deni la pembejeo likinishinda itakuaje, nikamuonyesha daftari langu la kikoba, marejesho yote ya miaka hiyo yamo. Akakaa nalo muda mrefu anafunua. Amekubali ekari moja na nusu ile ya karibu na mto, makisio ya msimu unaokuja yaandikwe jina langu, na uchaguzi mwingine wa bodi hata kama sijakomaa angalau nitakua ndani napiga kura.

Wamama wanne wa kikoba wameomba niwaandikie barua na wao, wawili ni wajane wanauza kwa jina la shemeji. Jumatatu tunaenda wote watano. Ushirika_Urambo nikuulize, masharti ya chama naweza kuomba nisome kabla sijapewa uanachama au mpaka wanikubali kwanza?

Ushirika_Urambo:

Omba siku hiyohiyo ya Jumatatu, mtu hawezi kujiunga na kitu ambacho hajakisoma. Wakikuzungusha nenda kwa afisa ushirika wa wilaya na nakala ya barua yako iwe imegongwa muhuri wa mapokezi. Na hao wajane waanze wao mlangoni, wao wana haraka kuliko wewe.