Kilomita tano za kwenda kazini: mguu au baiskeli?

Mwana wa Kange
Wakuu, heshima kwenu. Naishi Kange, kazi iko mjini Tanga, kama kilomita tano kwa njia ninayopita. Nina kilo 80 na kitambi kinachonitangulia mlangoni. Nataka kuachana na daladala, na kuna baiskeli ya gia, mtumba wa Japani, naiwinda. Tatizo kazini wananichanganya. Mmoja anasema kutembea kunachoma mwili kuliko baiskeli, mwingine anadai kutembea ni kupunga upepo tu. Nani yuko sahihi? Mwenye hesabu aziweke hapa.

Ticha Mstaafu
Wote wako sahihi mkuu. Wa kwanza anapima kwa kilomita, wa pili anapima kwa saa.

Kwa kilo zako, kutembea kilomita tano kwa saa moja ni kama kalori 280. Umbali huohuo kwa baiskeli, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, unamaliza dakika 20 na kalori 150 hivi. Lakini kanyaga saa nzima kwa mwendo huo, utafika kwenye 460. Humo ndani toa kama 80 kwa saa ambazo mwili ungezitumia hata ukiwa umekaa kibarazani.

Ukitembea, kila hatua unaunyanyua mwili mzima kidogo na kuushusha, na kisigino kikigusa chini kinakukatia mwendo. Baiskeli inakubebea uzito, tairi linabingirika, ukiacha kukanyaga bado inakwenda. Mwaka 1973 S. S. Wilson aliandika kwenye jarida la Scientific American kwamba mtu aliye juu ya baiskeli anawashinda wanyama na mashine zote alizozilinganisha kwa kutumia nguvu kidogo kusafirisha uzito wake. Sasa wewe unayetaka kuunguza mafuta, sifa hiyo ya baiskeli ndiyo kasoro yake.

Mla Kasa
Ticha, hiyo ni hesabu ya siku isiyo na upepo. Kusi likikupiga usoni utajua. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakupinga mara nne. Tairi likiwa nusu upepo nalo linakula nguvu zako. Halafu kawatazame wauza samaki wenye tenga nyuma ya baiskeli, uniambie kama umeona kitambi.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Mwanangu, hizo kalori za kwenye karatasi waachie. Jiulize utakifanya kipi hata mwezi wa pili na jua la Tanga. Kwenda na kurudi kwa miguu ni saa mbili kila siku, na shati la kazi limelowa. Utaacha. Baiskeli ni dakika 40 kwa siku, siku tano ni 200. Shirika la Afya Duniani linataka 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kwa hiyo umo.

Ila kutembea usikuache. Mifupa inataka kubebeshwa uzito wa mwili, na juu ya baiskeli umekaa. Sokoni na msikitini nenda kwa mguu. Na ukifika kazini usijipongeze kwa chapati mbili za mafuta, umerudisha zote.

Mwana wa Kange
Shukrani Bi Mkubwa, shikamoo. Naona naelekea kwenye baiskeli. Goti la kushoto linalalamika kwenye ngazi, halitanisumbua? Na hizo dakika 20 si kidogo?

Ticha Mstaafu
Jioni usirudi moja kwa moja, zunguka kwanza Raskazone. Kilomita zikiongezeka, ile tofauti na kutembea unaifuta.

Fundi Spoki
Goti mara nyingi linaumizwa na siti iliyo chini. Ipandishe mpaka pedeli ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke haraka, usiwe unasukuma gia nzito kama unapanda Lushoto. Likivimba, hilo ni la daktari, si la fundi. Kabla hujatoa hela, inua gurudumu la nyuma uzungushe pedeli kwa mkono: gurudumu likiyumba au mnyororo ukiruka meno, mwambie muuzaji apunguze bei.

Mwana wa Kange
Poa fundi. Jumamosi naenda kuiona, nitapita na pampu.