Yuka mbili uani: ipi ndiyo isiyochoma?

BintiKisauni
Assalam alaykum wapenzi wa miti na maua. Nina yuka mbili uani na zimenichanganya. Ya kwanza jirani alinipa kitawi, nikakichomeka tu mchangani. Leo imenipita kimo. Ya pili niliinunua kwa muuza miche wa kando ya barabara. Akaniapia kuwa ni jinsi moja na ya jirani, "hii haichomi, dada." Nikaipanda penye njia ya kwendea bombani. Juzi mwanangu wa miaka minne alikuwa akikimbilia mpira, jani likamdunga chini kidogo ya jicho. Lilikuwa tone moja tu la damu, lakini nguvu ziliniisha mwili mzima. Je, hizi ni mmea mmoja au miwili? Niing'oe?

Mvita77
Pole mama, na mtoto mpe pole. Huo si mkonge kweli? Mkonge ndio wenye mwiba nchani.

MzeeWaMiche
Si mkonge, ndugu yangu. Mkonge ukishatoa mlingoti wa maua hufa. Yuka huchanua maua meupe kama vikengele, na mwaka mwingine ikachanua tena.

Binti, ninavyoona muuzaji alikuuzia jinsi nyingine, na si lazima alikusudia kukudanganya. Miche ikiwa midogo hufanana sana. Ya jirani yaelekea ni Yucca gigantea, asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Shina lake hunenepa chini kama mguu wa ndovu, na jani huweza kufika mita 1. Kule El Salvador ndilo ua la taifa, na watu huyapika maua yake wakala. Iliyomdunga mtoto nadhani ni Yucca aloifolia, ya pwani za kusini-mashariki mwa Marekani na visiwa vya Karibi. Jani lake ni fupi, gumu, limesimama kama kisu.

Usiangalie rangi, wala usitegemee ukingo peke yake, maana zote mbili zina vijino vidogo ukingoni. Shika ncha. Ya gigantea hupinda chini ya kidole. Ya aloifolia ni mwiba wa kahawia, mgumu kama sindano ya gunia.

Dada_Tudor
Mimi nilitafuta "yuca" mtandaoni nikaletewa mapishi ya muhogo!

MzeeWaMiche
Hiyo ya "c" moja ndiyo muhogo kwa Kihispania. Mmea huu huandikwa kwa "c" mbili, na hauna undugu na muhogo.

Mwl_Bamburi
Naongeza moja, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapokosea. Kuna Yucca gloriosa, nayo ina ncha kali, lakini ukingo wa jani lililokomaa kwa kawaida ni laini. Binti, pitisha ukucha taratibu ukingoni. Ukikwaruza kama msumeno mdogo, ni aloifolia. Na ukiona nyuzi nyeupe zilizojikunja zikining'inia ukingoni, tena mmea hauna shina, hiyo ni filamentosa.

BintiKisauni
Nimerudi kutoka uani. Ya jirani ncha imepinda, haikuniuma hata kidogo. Ya njiani nimepima jani kwa futikamba: sentimita 47. Ukucha umekwaruza kabisa, na ncha ni ya kahawia, imetoboa karatasi bila kusukumwa.

MzeeWaMiche
Basi ni aloifolia. Usiitupe, mwanangu. Leo kata ncha za majani yote yanayoelekea njiani, kiasi cha sentimita moja, mmea haudhuriki. Lakini majani mapya yatakuja na miiba mipya, kwa hiyo masika yakianza ihamishie kwenye ua wa nyuma. Chumvi ya bahari haiisumbui, na mwizi hatapita hapo.

BintiKisauni
Shukran sana, Mzee. Majani ya upande wa njia ni 31, nimeyakata yote kwa mkasi. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini akiniokotea zile ncha kwa macho: "Mama, ile pale bado."