Je, ni halali mwanafunzi kumtongoza mwenzake kwa ajili ya utafiti bila kumwambia?

Mleta mada:
Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida nchini Marekani, mwalimu wa saikolojia Russell Clark aliwatuma wanafunzi wa darasa lake, wasichana 5 na wavulana 4, wakawatongoze wenzao wasiowafahamu katika viwanja vya chuo. Kila mmoja alitamka kwamba amekuwa akimwona huyo mwenzake na kwamba anamvutia sana, kisha akamwuliza ama kama watatoka pamoja usiku huo, ama kama atakuja nyumbani kwake, ama kama atalala naye. Jaribio lilirudiwa mwaka 1982, na mwaka 1989 Clark na Elaine Hatfield wakayachapisha yote mawili. Katika lile la kwanza, asilimia 75 ya wanaume walioombwa walikubali kulala na msichana wasiyemjua. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyekubali ombi hilo, ingawa zaidi ya nusu ya walioalikwa kutoka tu walikubali.

Mimi napinga utafiti wa namna hii, na sababu yangu haiishii kwenye adabu. Aliyetongozwa hakujua kwamba yumo katika jaribio, kwa hiyo alijibu kama anavyojibu njiani, na msichana anayefuatwa na mwanamume asiyemjua hupima kwanza usalama wake. Sifuri ile tunayosomewa kila mara kama kipimo cha hamu huenda ni kipimo cha hofu, tena hofu ambayo mhusika hakuombwa ridhaa ya kutiwa.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, ukimwambia mtu mapema kwamba atatongozwa kwa majaribio, atakujibu jinsi anavyopenda kuonekana. Wale wa Florida walielezwa ukweli mara tu walipokwisha kujibu. Tazama pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliochapishwa mwaka 1966: wanafunzi wapya 752 walikata tiketi za dansi wakiamini kwamba kompyuta imewachagulia mwenza anayelingana nao, kumbe waligawanywa kiholela, ila tu mvulana asipewe msichana anayemzidi kimo. Walipokuwa wakinunua tiketi, wanafunzi wanne waliwapa alama za sura kwa siri. Ikaonekana kwamba sura ndiyo iliyoamua nani atamtaka mwenzake tena, wala si akili au tabia. Nani angekiri hayo mbele ya mtafiti?

Mchangiaji wa pili:
Mfano huo unaiumiza hoja yako, kwa sababu hao walilipia tiketi na kuuziwa ahadi ya uongo. Zipo njia nyingine. Mwaka 2011 Terri Conley alionyesha kwamba mwanamke humwona mwanamume anayemwendea hivyo kuwa si salama wala hatarajii raha kutoka kwake. Mwaka 2015 Andreas Baranowski na Heiko Hecht, huko Ujerumani, waliwaita watu maabara, wakawaonyesha picha na kuwahakikishia usalama, na ile tofauti ikapungua sana, ingawa wanaume bado walichagua watu wengi zaidi.

Mchangiaji wa kwanza:
Hao wa Ujerumani nao waliaminishwa kwamba watu wa kwenye picha wako tayari kukutana nao. Uongo bado upo pale pale.

Mleta mada:
Nakubali, ila aliyeingia maabara alijua kwamba yumo katika utafiti. Aliyekuwa akikatiza uwanja kwenda darasani hakujua. Kuna kundi jingine ambalo sote tumelisahau, nalo ni wale wanafunzi 9 waliotumwa. Je, mwanafunzi anaweza kweli kumkatalia mwalimu anayemfundisha? Na msichana aliyekwisha kumwomba mwanamume asiyemjua alale naye, akajibiwa ndiyo, ndiye huyo huyo aliyepaswa kubaki amesimama pale na kumweleza kwamba ilikuwa kazi ya darasa.