Mrejesho: mtaro unaofurika, Arusha
Wakuu, nawashukuru kwa majibu mliyonipa nilipouliza kwa nini mtaro wa mtaa wetu hapa Arusha hufurika kila masika ilhali ni mpana. Tulikokotoa upya kiasi cha maji yanayoingia mtaroni kama mlivyoelekeza: eneo la hekta 6 linalomwaga maji humo, mvua ya milimita 80 kwa saa na kigezo cha mtiririko, yaani sehemu ya mvua inayotiririka bila kunywewa na ardhi, cha 0.7 (mabati na sakafu za saruji zimetapakaa kote), tukapata takriban mita za ujazo 0.93 kwa sekunde. Mtaro unakimudu kiasi hicho. Kinachokwamisha ni kalavati (bomba la kupitishia maji) la kipenyo cha milimita 600 chini ya barabara, ambalo tulilikuta limejaa mchanga na chupa za plastiki hadi nusu. Fundi alishauri tuupanue mtaro, jambo ambalo naliona ni kupoteza saruji. Tunaomba kibali cha kuweka kalavati la milimita 900, likitanguliwa na shimo la kunasa mchanga.